Taa za Kahawa

Mpwa wangu, wewe umekua ukiona paneli hata juu ya mabanda ya kuku, na simu yako huichaji bila kuuliza moto umetoka wapi. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba shule za huku Meru ni miongoni mwa za kwanza katika Kenya kuwashiwa taa za jua, unadhani alikuja waziri na msafara wake, akakata utepe, watu wakapiga makofi. Hapakuwa na utepe. Palikuwa na kahawa. Nivumilie basi, maana mjomba wako hajui kuieleza taa kabla hajalieleza giza lililokuwapo.

Shule ninayoikumbuka ilikuwa ya harambee, yaani serikali ilituletea mwalimu mmoja au wawili, na mengine yote tukajibebea wenyewe: mawe, mabati, madawati, hata mishahara ya walimu wasio na cheti. Madarasa yalijengwa kwa mabanzi, na upepo wa mlimani ulipenya kwenye nyufa zake. Usiku, wakati wa masomo ya jioni, kila darasa lilipata karabai moja, na mwezi ukiwa mbaya madarasa mawili yaligawana moja. Karabai ina harufu yake, mwanangu: kwanza spiriti ya kupashia moto, kisha mafuta ya taa, kisha vumbi linaloungua juu ya kifuniko. Halafu inavuma usiku kucha, mpaka ukitoka nje masikio yanaendelea kuvuma yenyewe. Kile kitambaa cha ndani kinachong'aa, kikishaungua, hakikutaka kuguswa. Mdudu mmoja mnene akikigonga, kimekwisha, na mwalimu wa zamu anaingia mfukoni kutafuta pesa za kingine. Wavulana wakubwa walikaa karibu na taa, wadogo wakasukumwa ukutani, wakawasha koroboi zao za mikebe zilizotoa moshi mweusi. Asubuhi ungemtambua mwanafunzi mwenye bidii kwa matundu ya pua yake.

Na jambo lililotuuma zaidi ni kwamba stima haikuwa mbali. Mto Tana unakusanya maji ya mlima wetu na ya milima ya Nyandarua, nayo mabwawa yalikuwa yamekwisha kujengwa huko chini: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981. Nyaya nene zilivuka mabonde kuelekea Nairobi. Maji ya mlima wetu yaliwasha maduka ya mjini, nasi tukabaki kununua mafuta ya taa kwa chupa ya soda, tukipimiwa kwa faneli iliyopinda.

Nilikuwa fundi wa redio sokoni. Kazi yangu ya pili, iliyonilisha zaidi ya ile ya kwanza, ilikuwa kuchaji betri za magari. Chanzo chake ni kahawa. Baridi kali iliiunguza kahawa ya Brazil mwaka 1975, na mwaka mmoja, miwili baadaye bei ikapanda duniani kote mpaka wazee wa huku, waliozoea kuhesabu mashilingi kwa makumi, wakaanza kuyahesabu kwa maelfu. Mwingine alijenga nyumba ya mawe, mwingine akaongeza mke, mwingine akanunua televisheni. Televisheni bila stima ni sanduku tu, kwa hiyo ikaunganishwa na betri ya gari, na betri ikiisha kijana wa nyumbani aliifunga nyuma ya baiskeli akaileta kwangu. Nilikuwa na jenereta ndogo nyuma ya kibanda. Shilingi kumi kwa betri, uje kesho jioni. Suruali zangu zote zilikuwa na vitobo vya asidi kuanzia gotini kwenda chini, na mama yako, aliyekuwa binti mdogo wakati huo, alikataa kuzifua pamoja na nguo zake.

Mwezi Agosti mwaka 1981 tulisikia redioni kwamba Umoja wa Mataifa umekusanya wakubwa wa dunia pale Nairobi, kwenye jumba la Kenyatta, wazungumzie nishati mpya: jua, upepo, samadi. Walizungumza karibu wiki mbili. Mimi nilikuwa nikiitengeneza redio ya mteja, na ndiyo iliyonipa habari hiyo, nikaisikiliza mpaka mwisho kabla ya kumrudishia mwenyewe. Baada ya hapo, kimya. Mwaka 1982 ukaja na mambo yake ya Agosti, lile jaribio la mapinduzi ulilolisoma shuleni, na 1984 ukaja na ukame. Tukala mahindi ya njano ya msaada, watu wakiyalalamikia huku wakiyamaliza.

Mwaka huohuo wa njaa, 1984, ndipo jambo lenyewe lilipoanza, na halikuanzia ofisini. Palikuwa na shule ya harambee iitwayo Karamugi, humu Meru, na ndani yake mwalimu kijana wa Kimarekani aliyekuja kwa mpango wao wa Peace Corps. Jina lake Mark Hankins. Shule ilikuwa ikifikiria kununua jenereta ya dizeli. Hankins alikuwa amefahamiana na Mmarekani mwenzake, mhandisi Harold Burris, aliyekuwa na kampuni aliyoipa jina la Solar Shamba, na wawili hao wakaishawishi shule iweke pesa zake kwenye jua badala ya dizeli. Taa zikawaka. Mwaka uliofuata msaada wa Marekani ukalipia shule nyingine tatu, na kilicho muhimu kuliko taa zenyewe, vijana wa hapa wakafundishwa kazi kwa kuifanya, nyundo mkononi, si kwa kuandikiwa ubaoni. Mimi sikuwa miongoni mwao. Nilijifunza kwa mmoja wa waliofundishwa, kijana mwembamba mwenye pengo la jino, aliyekuja kwenye kibanda changu kununua waya akanikuta namwagia betri maji ya mtoni. Alinitukana kwa adabu kubwa, kisha akavua koti akanionyesha inavyotakiwa. Urafiki wetu ulianzia kwenye tusi hilo.

Habari za Karamugi zilitembea kwa miguu, zikafika kwenye shule yetu, na mwalimu mkuu akaitisha mkutano wa wazazi. Alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na sauti iliyomfanya kila aliyekaa ahisi amechelewa. Ulikuwa msimu wa kuvuna. Kutoka kiwanda cha buni kule mtoni ilipanda harufu ya maganda yaliyochacha, tamu na chungu kwa pamoja, na wanaume wengi walikuwa na mikono myeusi ya utomvu. Wakabishana mchana kutwa. Kundi moja lilitaka jenereta, kwa sababu jenereta inasikika. Mzazi akipita barabarani usiku anajua pesa yake inafanya kazi. Nadhani hoja hiyo ilikaribia kushinda. Ndipo aliposimama mweka hazina, mama mmoja mjane aliyeuza ndizi na aliyeandika hesabu zake kwa penseli aliyoichomeka kwenye kilemba. Hakuuliza habari za jua. Aliuliza dizeli ya muhula mzima ni kiasi gani, na usafiri wa kuileta kiasi gani. Kisha akamgeukia yule kijana mwenye pengo: "Na hicho chako, kikiharibika, ni kipi kitaharibika kwanza, nacho ni pesa ngapi?" Kijana akamjibu bila kuficha kwamba paneli itadumu kuliko mabati ya shule, lakini betri itakufa baada ya miaka michache, hata mkiitunza vizuri. Yule mama akaandika. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na hapo ndipo nilipofahamu kwamba kazi hii ina sehemu ambayo fundi hawezi kuifanya.

Wakakubaliana kwamba chama cha ushirika kikate senti kadhaa kwa kila kilo ya buni, taa zilipiwe, na makato yasikome taa zikishawaka. Yaendelee, yawe akiba ya betri. Hayo ya mwisho yalikuwa matakwa ya yule mama, na walimkubalia kwa sababu jua lilikuwa linatua na watu walikuwa na njaa.

Vifaa tulivifuata Nairobi. Paneli moja ya wati arobaini hivi ilitutoka kiasi cha shilingi elfu tano, nami nikuambie mwalimu wa kawaida wakati huo hakuzifikisha elfu mbili kwa mwezi. Tulinunua chache, tukazipakata kwenye matatu mpaka nyumbani. Kondakta akatulipisha viti vyake, na tulilipa kwa furaha. Betri zilitengenezwa hapahapa nchini. Kupanda juu ya paa ndiyo kazi nyepesi. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linapita juu ya kichwa, kwa hiyo unaiinamisha paneli kidogo tu ili mvua iioshe na vumbi lisikae. Kazi ngumu iko chini. Umeme wa volti kumi na mbili hauna nguvu ya kusafiri; ukiutembeza kwenye waya mwembamba kutoka stoo mpaka darasa la mwisho, unachoka njiani, taa inamulika rangi ya chai. Wengi baada yetu walinunua waya mwembamba kwa sababu ni rahisi, kisha wakailaumu sola. Sisi tulinunua mnene, na mwalimu mkuu aliumwa na kila mita. Halafu kuna ule mchezo wa kupima asidi kwa kichupa cha kioo chenye mpira wa kunyonya, kila seli peke yake, na kuongeza maji safi ya betri, si ya mto wala ya mvua. Wazee walishangaa kwa nini kitu kinachojazwa na jua kihitaji kunyweshwa maji. Rafiki yangu aliwaambia: betri ni ng'ombe, ukimkamua mpaka tone la mwisho kila jioni na hujamlisha, utamchinja mapema. Walielewa papo hapo. Wenye ng'ombe hawahitaji kuchorewa.

Usiku wa kwanza ulikuwa wa vicheko. Zile taa nyeupe ndefu ziliwamulika watu waliozoeana gizani. Mwalimu wa hesabu akaona, kwa mara ya kwanza, ni nani waliokuwa wakisinzia nyuma, na ni nani waliokuwa wakicheza karata chini ya dawati tangu muhula ulipoanza. Hakuna aliyemshukuru fundi kati ya hao.

Lakini waliokuja kwenye kibanda changu Jumamosi iliyofuata walikuwa walimu. Mwalimu ana mshahara unaojulikana, anaweza kukopa, na sasa alikuwa ameona kwa macho yake. Alitaka paneli moja, taa tatu, na waya wa televisheni ya rangi nyeusi na nyeupe. Baada ya walimu wakaja makarani wa ushirika, kisha wakulima wenyewe. Na bei ya kahawa ilipochangamka tena mwaka 1986, baada ya ukame wa Brazil, sikuwa nikilala. Shule ndiyo iliyokuwa duka letu la maonyesho, na hatukuilipa hata senti. Watafiti waliokuja kutuhesabu katika miaka ya 1990 walikuta nyumba za mashambani zilizojinunulia sola kwa fedha zao ni nyingi kuliko zile zilizofikiwa na mpango wa serikali wa kupeleka stima vijijini. Hakuna mtu aliyetangaza jambo hilo. Tulikuwa tunauza tu.

Usidhani kila kitu kilikwenda sawa. Televisheni ilipoingia chumba cha walimu, vita vilianza. Mwezi Juni huku kwetu ni ukungu na manyunyu. Kuna siku hulioni jua kabisa, na paneli inatoa nusu ya chakula chake au pungufu. Mwezi huohuo wa Juni mwaka 1986 ilikuwa Kombe la Dunia kule Mexico, na mchana wao ni usiku wetu. Walimu walitazama mpira, betri ikakamuliwa, na kidato cha nne, kilichokuwa na mitihani mwishoni mwa mwaka, kikarudi kwenye koroboi. Siku Maradona alipofunga lile bao la mkono dhidi ya Waingereza, watoto walisikia kelele kutoka chumba cha walimu wakiwa wamekaa gizani. Mzazi mmoja akapeleka habari kwa mweka hazina. Yule mama akaja asubuhi na kufuli lake mwenyewe, akaifunga stoo ya betri, ufunguo akautia kifuani. Mwalimu mkuu alimwambia kwamba hii ni shule, si genge la ndizi. Akajibiwa: "Mwalimu, nakuheshimu sana. Lakini hiyo betri ni buni yangu." Waliafikiana baada ya siku chache: televisheni ipate betri yake, na walimu wajichangie. Wakajichangia kabla ya fainali.

Zahanati ya jirani haikuhitaji vita hivyo. Ililetewa friji ndogo ya sola ya kutunzia chanjo, yenye mlango unaofunguka juu, na muuguzi wake, mama mnene asiyecheka, alikataza isitiwe soda wala maziwa, hata ya chifu. Chifu alijaribu. Friji ile niliipitia mara nyingi, na kila nilipofika niliikuta imefutwa, na daftari la joto limejazwa asubuhi na jioni kwa mwandiko uleule.

Kisha kahawa ikaanguka. Mwezi Julai mwaka 1989 mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakishikilia bei yalivunjika, na huku chini hatukuelezwa lolote; tuliona tu kwamba malipo yamechelewa, halafu yamekuja kidogo, halafu yamekuja na deni. Sheria ilikataza kung'oa mibuni, basi watu wakaacha kuipogoa, wakapanda maharage katikati ya mistari. Makato ya senti kwa kilo yakafutwa shule moja baada ya nyingine, kwa sababu mtu hawezi kukatwa kwenye kitu asichopata. Wakati huohuo betri za kwanza zilikuwa zimefikia umri wa kufa. Ukizipima, kioo kilionyesha nyekundu saa sita mchana. Nilizunguka shule nyingi miaka hiyo: paneli juu ya paa ni nzima, zinang'aa, na chini karabai imerudi na harufu yake. Mwingine aliunganisha waya moja kwa moja, akiruka kile kisanduku cha kulinda chaji, akadhani ameikomboa betri. Betri ikachemka ikanuka mayai viza, na hiyo ikawa mara yake ya mwisho. Kisha wezi wakagundua bei ya paneli. Walianza na zilizowekwa paa la chini.

Shule yetu ilikuwa na akiba ya betri moja na nusu. Walinunua moja, wakawasha darasa moja tu, la watahiniwa, mwaka wa mtihani wa kwanza wa kidato cha nne chini ya mfumo mpya wa elimu wa 8-4-4 ukiwa ndio umepita na kila mzazi akiwa bado ana hofu nao. Yule mama hakuwa msomi, na mwanawe wa mwisho alikuwa amekwisha maliza shule. Lakini nusu iliyobaki aliitunza kwenye mkebe wa chai mpaka ikawa nzima.

Baadaye zilikuja zawadi, na zinaendelea kuja. Makanisa, wafadhili, wabunge karibu na uchaguzi. Na serikali ilipoahidi vifaa vya kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2013, shule za msingi zilizokuwa mbali na nyaya ziliwekewa sola kwa wingi, hasa huko kwenye nchi kavu. Ni vizuri, sitaki uniite mzee wa husuda. Nimekutana na mafundi hodari wa miradi hiyo, hata mmoja aliyesomea kwenye chuo cha sola cha Karagwe kule Tanzania, tukakesha tukilinganisha makovu ya asidi. Lakini shule ya zawadi nimeitambua sikuzote kwa jambo moja: uliza betri ni ya nani, watu wanatazamana. Mambo ya vyeti nayo yakaja. Kanuni za mwaka 2012 zilisema fundi wa sola awe na leseni, basi nikakaa darasani na vijana wa umri wako, nikafanya mtihani juu ya vitu nilivyovipima kabla hawajazaliwa. Swali la waya mwembamba lilikuwamo. Nilitabasamu mpaka msimamizi akanikaribia kuangalia kama nina karatasi ya kuibia.

Mwaka jana niliitwa na shule moja ya msingi huku chini, kuelekea Tharaka, niwakagulie mtambo mpya kabla ya kuupokea. Paneli moja siku hizi ni wati mia nne au zaidi, kumi ya zile zetu, na betri ni za lithiamu, hazinyweshwi maji wala hazitoboi suruali. Mwalimu mkuu ni dada kijana, mchangamfu, akataka nipande ngazi kwanza nione juu. Nikamwambia magoti yangu yamekataa ngazi, anionyeshe daftari la hesabu. Hapakuwa na ukurasa wa betri. Nikamtajia betri ile itadumu miaka mingapi ikitunzwa, na bei yake ya leo dukani. Tukagawanya kwa miaka, kisha kwa idadi ya watoto, kisha kwa mihula. Ikaja shilingi chache kwa kila mtoto, chini ya bei ya andazi. Akaitazama ile hesabu kwa muda, akaniuliza wazazi wa huku wasiolima kahawa watailipa kwa kitu gani. Nikamuuliza wanalima nini. "Pojo na mbuzi, Mzee," akasema. Akamwita mweka hazina wa kamati aje na kalamu.